Joto la Kigoda cha Kogo Taplelei

Imetangazwa rasmi, na kwa hiyo ni kweli, kwamba utunzi ni biashara. Tangazo lilitolewa katika ukumbi wa hoteli moja mjini Eldoret, asubuhi ya baridi, na afisa wa utamaduni aliyevaa tai yenye rangi za bendera. Alisema kwamba zama za mwandishi kukaa na njaa akisubiri kusifiwa zimekwisha. Kwamba kuanzia siku hiyo kila mtunzi ajihesabu kuwa mfanyabiashara, sawa na muuza mbolea na muuza mitumba. Kwamba neno ni bidhaa, tena bidhaa inayoyashinda mahindi na maziwa kwa mambo mawili: haliozi, na haliwezi kumpotea mwenyewe, maana mwenye neno atajulikana daima kwa neno lake. Watunzi waliokuwapo walipiga makofi. Kisha wakapewa kofia na kuku.

Miongoni mwa waliopewa kofia alikuwa Naomi Jelagat, mwanamke wa makamo aliyekuwa amefundisha Kiswahili katika shule ya kutwa kwa miaka mingi kama mwalimu wa bodi, yaani mwalimu anayelipwa wazazi wakikumbuka. Mwaka uliotangulia serikali ilikuwa imeleta mwalimu wake wa kudumu, na Jelagat akaagwa kwa soda na maombi. Sasa alikuwa na chumba mtaani Langas, jiko la gesi, na mswada wa riwaya. Katika vitu hivyo, mzito zaidi ulikuwa mswada. Ulikuwa umeandikwa kwa mkono kwenye karatasi za fulskepu, na ulikuwa umekaa naye zaidi kuliko alivyokaa mume.

Riwaya yenyewe ni habari za kikongwe aitwaye Kogo Taplelei. Kogo kwa Kikalenjin ni nyanya. Kogo Taplelei ana desturi moja. Mgeni akiinuka kwenye kigoda, yeye hakikalii mpaka kipoe. Anasema joto lile bado ni la mgeni, na ukilikalia umemfukuza mara ya pili. Katika hadithi, jirani yake, Mama Mburu, anakunywa chai jikoni mwake asubuhi moja ya Januari, mwaka ule wa majirani kufukuzana baada ya kura, ambao Eldoret yote inaujua bila kuutaja. Anasikia kelele barabarani, anainuka, anatoka, harudi. Kogo hakikalii kile kigoda. Watoto hawakikalii. Wajukuu wanazaliwa, wanakua, kigoda kiko palepale kando ya moto, na katika ukurasa wa mwisho mtu anamwuliza Kogo mbona hakikaliwi, naye anakigusa kwa kiganja na kusema, "Bado hakijapoa." Hayo ndiyo yote. Kurasa nyingine zote ziliandikwa ili sentensi hiyo ipate mahali pa kufikia.

Ifahamike kwamba Jelagat hakuitoa desturi hiyo popote. Nyanya yake halisi aliketi popote palipokuwa na nafasi, na mara nyingine pasipokuwa nayo. Jelagat aliitunga mwenyewe, jioni moja, akingoja viazi viive. Naye alitaka jambo moja tu duniani: kitabu hicho kitoke, kiwe na jina lake mgongoni, kabla wale waliokuwa majikoni mwaka ule hawajaisha wote.

Lakini kitabu hakijilishi, na afisa alikuwa amesema. Jelagat akaenda kwa Hafsa, mwenye duka la fotokopi nyuma ya Barabara ya Uganda, akaomba kukodi pembe ya meza.

"Utauza nini, mwalimu?" Hafsa aliuliza.

"Hadithi."

"Hadithi." Hafsa aliligeuza neno kama noti iliyochanika. "Nani ananunua?"

"Ofisi imesema soko liko."

"Basi ofisi ije inunue. Walahi, hii duka ilikuwa ya baba yangu, na sijawahi kuona mtu anaingia anasema, nipatie hadithi nusu kilo."

Hata hivyo akampa pembe. Jelagat akabandika ukutani bango alilolichora mwenyewe: HADITHI, MASHAIRI, HOTUBA, WASIFU. Wiki ya kwanza aliingia kijana wa sekondari, akaichukua hadithi fupi iliyopigwa chapa na kubanwa vizuri, akaifungua katikati.

"Madam, hii iko kwa silabasi?"

"Haiko."

"Sasa tunaisoma ya nini?"

Swali hilo limewashughulisha wahakiki tangu zamani. Kijana alilijibu kwa kuondoka.

Kilichouzika ni neno la mwisho la bango. Huku mtu hazikwi hivihivi. Huzikwa na programu, kijitabu cha rangi chenye picha ya marehemu akiwa bado na afya, ratiba ya siku, nyimbo, na wasifu, ambao husomwa kwenye maikrofoni chini ya hema, mbele ya umati uliokaa kwenye viti vya kukodi. Mtu anaweza kufa maskini na ukoo wake ukasamehewa. Kufa na nusu ukurasa, hapana.

"Sisi Waislamu tunazika kabla chai ipoe," Hafsa alisema, akipanga karatasi za rangi kwenye mashine. "Nyinyi mpaka mchapishe kitabu. Lakini endeleeni tu hivyo. Nani mwingine atanilipia tona?"

Kwa muda mambo yalikwenda. Kisha simu zikajifunza kuandika. Vijana wakawa wanakuja kwa Hafsa na wasifu ulioandikwa na simu bure, wanataka kuuchapa tu. Bahati mbaya simu ilikuwa na mama mmoja, nayo ilimpa kila mtu: mama huyo alikuwa nguzo ya familia na taa ya jamii, na ameacha pengo lisilozibika. Alizikwa kijijini Ziwa Alhamisi, akazikwa tena Moiben Jumamosi, na kwa kuwa waombolezaji wengi walikuwa walewale, watu walianza kutazamana. Baadhi ya wateja wakarudi kwa Jelagat. Sasa walijua wanachotaka. Walitaka marehemu wao afanane na mtu.

Hapo ndipo Jelagat aligundua tatizo la malighafi. Aliwaketisha wafiwa mezani na kuwauliza: mama alipenda nini? Alipenda kanisa. Na nyumbani? Alipenda kazi. Alikuwa akicheka kwa sababu gani? Wakatazamana, watu wazima wenye magari, kila mmoja akitumaini mwenzake alikuwapo mama alipocheka. Walijua hospitali zote alizolazwa. Zaidi ya hapo hawakujua.

Alichokuwa nacho Jelagat, na simu haikuwa nacho, ni Kogo Taplelei. Akaanza kumuuza vipande vipande. Ganda la viazi la Kogo, jembamba hata unaweza kusoma Zaburi kupitia kwake, lilikwenda kwa marehemu mmoja wa Kapsoya. Mfuko wa koti la mumewe, ambao Kogo aliushona usifunguke ili mzee asigawe pesa yote sokoni, ulikwenda Turbo. Tabia yake ya kumsalimia ng'ombe asubuhi kabla ya kumsalimia mume ilichukuliwa na familia ya mchungaji, baada ya mashauriano. Na kila mara ilikuwa vilevile. Mwana wa marehemu alisoma, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Kweli. Alikuwa hivyo."

Mfanyabiashara mwingine angefurahi. Jelagat alirudi Langas akazikata sentensi hizo kwenye mswada kwa kalamu na rula, kwa sababu alikuwa mwaminifu na hakutaka kuuza kitu kimoja mara mbili. Kogo Taplelei akaendelea kukonda. Kigoda hakukigusa.

Ndipo akaja Kiptoo. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye duka la dawa za mifugo mjini na boma Sugoi, na mama yake alikuwa amefariki Jumapili. Aliweka mezani karatasi iliyopigwa chapa.

"Mwalimu, soma hiyo."

Jelagat akasoma. Nguzo, taa, pengo.

"Ni nzuri," akasema.

"Ni nzuri. Lakini hii ni mama ya kila mtu. Mimi nataka mama yangu."

"Niambie juu yake basi."

"Alikuwa mtu wa kanisa. Mtu wa bidii."

"Hiyo simu imesema. Wewe unakumbuka nini?"

Kiptoo aliiangalia mashine ya fotokopi kana kwamba ingemsaidia. "Nilipelekwa bodingi nikiwa mdogo," akasema. "Nikatoka bodingi nikaingia koleji, nikatoka koleji nikaingia biashara. Alikuwa ananipigia Jumapili. Anauliza, umekula? Nasema, nimekula. Anasema, haya."

"Na ukienda nyumbani?"

"Nilikuwa naenda na haraka."

Kisha akaivua kofia yake ya kampuni ya mbegu, akafunika uso nayo, na mabega yakaanza kutikisika. Hafsa aliizima mashine, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa ajili ya binadamu yeyote.

"Tuandike hiyo," Jelagat alisema baadaye. "Ya umekula."

"Hapana, mwalimu. Hiyo kila mama anauliza."

Jelagat akaliangalia ghala lake. Viazi vilishazikwa Kapsoya, mfuko Turbo, ng'ombe alikuwa na mchungaji. Kilibaki kigoda. Kusema kwamba ilikuwa huruma si sawa, maana alishapokea malipo ya kwanza na mwenye nyumba wa Langas hakuwa mtu wa kungoja; na kusema kwamba ilikuwa kodi si sawa pia, maana aliandika huku akipangusa macho. Aliandika kwamba mama hakuwahi kukikalia kigoda mgeni alipotoka kukiacha, mpaka kipoe, kwa kuwa alisema joto lile bado ni la mgeni. Habari za Mama Mburu aliziacha nje. Katika wasifu hakuna aliyefukuzwa.

Kiptoo alisoma akiwa amesimama.

"Kweli," akasema polepole. "Sasa nakumbuka. Alikuwa anasimama pale kwa mlango."

"Alikuwa anasimama?"

"Anasimama. Anangoja."

Sehemu hii Jelagat hakuikata kwenye mswada. Ingekuwa kama kung'oa nguzo ya kati na kuliachia paa lijitegemee. Alijiambia kwamba programu ya mazishi husomwa mara moja, na wiki ya pili muuza mandazi huitumia kufungia mandazi. Kila mtu Eldoret amekula mandazi kutoka kwenye uso wa marehemu fulani. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi kwa kila programu iliyowahi kutoka dukani kwa Hafsa. Haikuwa sahihi kwa hii. Aliyeisoma Sugoi alikuwa Jepchumba, binti wa Kiptoo, msichana mwenye sauti tulivu, na alipofika penye kigoda alishindwa kuendelea, na hema zima likalia pamoja naye. Mtu alikuwa ameinua simu. Kabla jua halijatua, video ilikuwa imefika mahali ambapo hakuna anayejua Sugoi ni mji au ni mboga.

Jelagat hakuwa mtu wa video. Miezi hiyo alikuwa akipiga chapa mswada wake kwenye kompyuta ya Hafsa, saa ambazo wateja walikuwa wachache. Alipomaliza, akautuma kwa mchapishaji mmoja wa Nairobi, akanunua soda, akamnunulia na Hafsa.

Mchapishaji aliupeleka mswada kwa msomaji wake, Daktari Opondo, mhadhiri aliyekaa Chepkoilel, na Opondo akampigia Jelagat simu mwenyewe. Walikutana katika hoteli ya chai mjini. Mandazi yaliletwa yamefungwa kwa karatasi ya mtihani wa hesabu. Jelagat aliitazama karatasi ile kwa wivu, ingawa hakujua bado kwa nini.

"Mwalimu, nimesoma kazi yako bila kuinuka," Opondo alisema. "Ni kazi. Huyo Mama Mburu nimemfikiria wiki nzima."

"Asante, daktari."

"Lakini kigoda ni cha mama ya Kiptoo wa Sugoi."

"Ni changu."

"Mwalimu, nilikuwa Sugoi. Dada ya Kiptoo tunafundisha pamoja. Nilikaa chini ya hema, yule mtoto akasoma mpaka mimi mwenyewe nikatoa leso. Na video nani hajaona? Shangazi yangu wa Bondo amenitumia, na hajui Eldoret iko upande gani."

"Mimi ndio nilimwandikia."

Opondo alikoroga chai yake kwa muda mrefu, ingawa hakuwa ameweka sukari.

"Mimi nakuamini," akasema. "Hata koma naziona ni zako. Lakini mchapishaji haamini koma. Tukitoa kitabu hivi, watasema umemwibia marehemu. Leta barua ya Kiptoo, mistari miwili tu, kwamba maneno ni yako. Ama utoe kigoda."

"Nikitoa kigoda, kunabaki nini?"

Opondo alikuwa mtu mkweli, kwa hiyo alifikiri kwanza.

"Kunabaki jikoni," akasema.

Jumamosi Jelagat akachukua bodaboda hadi Sugoi. Kiptoo alimpokea kwa furaha isiyo ya kuigiza, akamketisha kwenye kiti kizuri chenye kitambaa, mkewe akaleta chai na mursik, maziwa yaliyogandia kibuyuni. Palikuwa na jirani, Mzee Kigen, aliyekuwa amekuja kuazima pampu ya kunyunyizia na kubaki. Baada ya chai walimpeleka kuona kaburi. Lilikuwa limejengwa kwa vigae vyeupe, na kwenye jiwe, chini ya jina na miaka, palikuwa pamechongwa: JOTO NI LA MGENI. Jelagat alilisoma kama mwalimu, akitafuta kosa. Halikuwapo.

Waliporudi sebuleni, Mzee Kigen alikuwa amesimama, na watoto walikuwa wamesimama, na kiti chenye kitambaa kilikuwa kitupu.

"Keti, Mama," Mzee Kigen alisema. "Hakuna mtu amekalia yako. Hii ni boma ya yule mama, tunafuata njia yake."

"Mzee, wewe ulimjua?"

"Kumjua? Mimi nilikuwa naona na hii macho. Nikiinuka, hakai. Anangoja. Nilikuwa namcheka, nasema, wee, kwani kigoda ni chapati ati ipoe?"

Sebule ikacheka. Mke wa Kiptoo alicheka mpaka akashika ubavu. Ulikuwa utani wa zamani, inaonekana, na kila mtu aliukumbuka. Jelagat aliketi. Kiti kilikuwa kimepoa vizuri.

Alingoja mpaka Kiptoo alipomsindikiza langoni, mbali na wengine.

"Unakumbuka ile siku kwa Hafsa," akaanza.

"Siwezi kusahau. Ulinisaidia, mwalimu."

"Ile ya kigoda niliitoa kwa kichwa yangu."

"Ulitoa vizuri."

"Kiptoo, nasema haikuwa mama yako. Ilikuwa ya kitabu changu. Nahitaji barua tu, uandike kwamba nilitunga mimi. Bila hiyo kitabu hakitoki."

Kiptoo aliegemea lango, akawatazama ng'ombe wake, ambao hawakuwa na maoni.

"Unataka nisaini kwamba mama yangu hakuwa hivyo."

"Nataka usaini kwamba niliandika."

"Ni kitu moja, mwalimu." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililokuwa baya. "Mimi nilikuwa na mama wa simu ya Jumapili. Wewe ukaniletea huyu. Watoto wangu wanamjua huyu. Mzee Kigen anamjua. Umesikia mwenyewe. Sasa ukimchukua, mimi nibaki na mama gani?"

Jelagat alisimama pale muda wa kutosha kuona kwamba angeweza kusisitiza, kwamba mtu huyu mkubwa pengine angesaini akilazimishwa, na kwamba Mama Mburu mwenyewe, angeulizwa, asingependa kurudi kwa njia hiyo. Kisha akasema, "Haya." Kiptoo akamfungia maziwa na viazi aende navyo: bidhaa zinazooza.

"Mshtaki," Hafsa alisema Jumatatu.

"Nimshtaki nani? Marehemu?"

Hafsa alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, lakini alikuwa pia mtoto wa duka. "Shida ni kwamba ulimwuzia," akasema. "Mimi nikimwuzia mtu simu, siendi nyumbani kwake kuuliza nani amempigia. Hiyo ofisi yako haikuwafundisha hii?"

"Walitufundisha tuwe na kadi za biashara."

"Haya."

Jelagat alijaribu kukitoa kigoda. Mbele yake kulikuwa na kurasa zote za Kogo, zenye mistari ya rula mahali palipouzwa, na alitafuta kitu kingine ambacho Mama Mburu angekiacha jikoni. Akajaribu kikombe, lakini kikombe hupoa haraka mno, mtu hajafika hata langoni. Akajaribu benchi, lakini benchi hukaliwa na wengi, hujui joto ni la nani. Akajaribu leso aliyoisahau kwenye msumari, ikawa kama kila leso iliyowahi kusahauliwa. Katika kila jaribio Mama Mburu alisikia kelele, akainuka, akatoka, na jikoni hakuna aliyegundua. Mwisho akamwandikia Opondo kwamba anauondoa mswada. Opondo alijibu kwa barua nzuri sana, ambayo mtu angeweza kuisoma kwenye mazishi.

Karatasi za fulskepu alimpa Hafsa azijaribie mashine, kwa kuwa upande wa nyuma ulikuwa safi. Hafsa alizikataa. Alisema karatasi hiyo ni nzito, itakwama. Zikarudi Langas, chini ya kitanda, pamoja na kofia.

Biashara, kwa upande wake, ilistawi. Wafiwa wakawa wanakuja na ombi moja.

"Mwalimu, tunataka kama ile ya Sugoi. Ya kigoda."

"Hiyo imeshatumika," alisema mara ya kwanza.

"Haidhuru. Mama yetu pia alikuwa hivyo."

Akaandika. Haoni tena mtu wa kumnyima. Ameiandika kwa bibi wa Ziwa, kwa mwalimu mkuu mstaafu, na mara moja kwa mwanamume. Kila mara anabadilisha maneno kidogo, kwa heshima ya ufundi, na kila mara familia inarudi kumwomba ayarejeshe kama yalivyo kwenye video. Katika mazishi ya upande huo sasa utaona akina mama wakisimama kidogo kando ya viti vya plastiki, mikono imekunjwa, kabla ya kuketi mahali mwingine alipoinuka. Wenye kukodisha viti wanalalamika kwamba ibada inachelewa. Wanaambiwa ni mila.

Mwaka huu ofisi ya utamaduni iliandaa maonyesho, na Hafsa akakodi meza ya kuchapa picha na kadi papo kwa hapo, Jelagat akiwa msaidizi wake. Mchana, wateja walipopungua, Jelagat alitembea akaingia kwenye hema la urithi. Kulikuwa na mikuki, vibuyu, shanga, na katikati, juu ya kitambaa chekundu, kigoda cha miguu mitatu. Kadi ilieleza kwamba kwa wenyeji wa nyanda hizi, tangu enzi za mababu, kigoda cha mgeni hakikaliwi mpaka kipoe, na kwamba desturi hiyo haina mtunzi, ni mali ya jamii. Yule afisa, na tai ileile, alikuwa akiwaonyesha wageni kutoka Nairobi. Aliwaambia kwamba nyanya yake mwenyewe alikuwa hivyo. Hakuwa akidanganya, alikuwa akikumbuka.

Walipopita, Jelagat akanyoosha mkono, akakigusa kigoda kwa kiganja.

"Mama, usiguse," mlinzi akasema.

Kilikuwa baridi. Akarudi mezani kwa Hafsa, ambaye alikuwa akibishana na karani wa lango kuhusu risiti. Kiingilio cha maonyesho kilikuwa bure kwa wananchi wote. Waliotozwa ni wafanyabiashara, na Jelagat alikuwa amelipa.